Hiyo "System Service" kwenye simu yako ni ya nani?

Wasomaji wangu, mwezi huu maswali yamekuja mengi na karibu yote ni ya aina moja, na chanzo nakijua manake hata mimi imenifikia mara nne, grupu la mtaa, grupu la familia na magrupu mawili ya michango ya harusi: ile voisi ya jamaa anasema ingia setingi, ukikuta vitu vimeandikwa com nukta sijui nini futa vyote, ni wapelelezi. Watu wamefuta, simu zimegoma. Na upande wa pili wapo waliokuta mdudu kweli kajificha wakamwacha akae kwa sababu kaandikwa System na ana picha ya gia. Yote mawili yananiuma, simu saivi ndo pochi ya mtu, ndo benki, ndo albamu ya watoto. Nimechukua barua saba, nyingine nimejibu kwa urefu, nyingine kwa kifupi.

SWALI: Habari za kazi kaka. Mimi nauza nguo sokoni Tandika, simu yangu ni Infinix. Niliangalia upande wa betri nikakuta kitu kinaitwa Google Play Services kimekula asilimia 28. Kijana wa meza ya jirani akasema huyo ndo mdukuzi, akaingia ndani akakizima, na vingine viwili vilivyoandikwa com.transsion akavizima pia. Toka siku iyo ramani haisomi, meseji zinachelewa mpaka nifungue WhatsApp mwenyewe, na apu ya benki inanigomea. Simu imeshadukuliwa au? (Mama muuza nguo, Tandika)

JIBU: Pole mama. Simu yako haijadukuliwa, imekatwa mguu tu, na aliyeikata alikuwa na nia njema. Ingia setingi, sehemu ya apu, fungua orodha nzima pamoja na zile za mfumo, tafuta Google Play Services uiwashe, na zile mbili za com.transsion uziwashe, alafu zima simu uwashe upya, uingie Play Store uache vitu vinavyotaka kuapudeti viapudeti. Ramani itarudi na meseji zitaanza kuingia zenyewe.

Kwanini ilikuwa ivo, chukulia simu ni ghorofa la Kariakoo. Ukipita unaona maduka ya chini tu, ndo apu zako hizo, WhatsApp, TikTok, benki. Ila mule ndani kuna watu huwaoni, kuna mlinzi, kuna anayewasha jenereta umeme ukikatika, kuna wa pampu ya maji, na hawa hawana duka wala bango lakini ukiwafukuza ghorofa zima linasimama. Google Play Services ni mmoja wa hao. Yeye ndo anazipokelea apu nyingi taarifa kwamba kuna meseji mpya, ndo anazipa lokesheni, na apu za benki nyingi zinamuuliza yeye kama simu ni ya kuaminika. Sasa apu nyingine ikimwomba lokesheni kila dakika, betri inaweza kuandikwa kwa jina lake yeye sio la aliyemtuma, ndo mana ukaona asilimia 28. Ukimkuta juu usimzime, angalia ni apu ipi umeipa ruhusa ya lokesheni muda wote, uibane iyo.

Na ayo majina ya com ni anwani ya mtengenezaji iliyogeuzwa kinyumenyume. com.google ni Google, com.samsung na com.sec ni Samsung, com.miui ni Xiaomi, na com.transsion ni kampuni ya China inayotengeneza Tecno, Infinix na itel, kwaiyo kuikuta kwenye Infinix yako ni sawa na kukuta jina la fundi nyuma ya kabati alilotengeneza yeye. com.android.systemui ndo inachora ule mstari wa juu wenye saa na betri. com.android.vending jina linatisha lakini ni Play Store yenyewe. com.android.stk ni ile menyu ya laini. com.google.android.webview kazi yake ni kufungua kurasa za mtandao ndani ya apu nyingine, na huyu usimchukulie poa, tarehe 22 Machi 2021 Google walitoa apudeti yake ikiwa na kasoro, apu zikaanza kujifunga zenyewe kwenye simu za Android nchi nyingi, Gmail ikiwemo, mpaka waliporekebisha.

Hapa naomba nikae kidogo, manake barua zote za leo zinarudi hapa hapa. Kila apu ina majina mawili. Lile unaloliona kwenye skrini mtengenezaji anaandika anachotaka, hamna wa kumzuia kuandika System Service au Google Update, hata kuliacha wazi bila herufi, na picha anaweka anayotaka. Lile la pili, la com, ndo Android inalitumia kuitambua apu, na kwenye simu moja hayawezi kukaa mawili yanayofanana. Juu ya ayo kila apu ina sahihi ya kidijitali ya aliyeitengeneza. Kwaiyo mwizi hawezi kuleta faili lake akaliita com.google.android.gms, ambalo ndo jina la com la Google Play Services, likakalia nafasi ya ile halisi, simu inalikataa kwa sababu sahihi haziendani. Anachofanya ni kujibana pembeni na jina linalokaribiana, anaongeza neno update mwishoni, anabadili herufi l kuwa namba 1. Na Android kila apu inaipa chumba chake na mlango wake, haiingii kwa mwenzake bila ruhusa, kwaiyo mara nyingi mwizi hana njia nyingine zaidi ya kukuomba wewe mwenye nyumba umfungulie, na ili umfungulie anavaa sare ya mlinzi.

Ukishajua ivo, kumkagua sio kazi. Bonyeza jina lake kwenye orodha ya apu. Apu ya mfumo halisi kwa kawaida haina kitufe cha kuiondoa kabisa, ina cha kuizima tu au cha kuondoa apudeti. Kitu kinajiita System alafu kina kitufe cha kukiondoa kama apu ya kawaida, hapo simama. Shuka mpaka chini, kwenye simu nyingi kuna mstari unasema imetoka wapi, Play Store au faili ulilolifungua kwenye WhatsApp au kwenye brauza. Alafu fungua ruhusa zake. Kinachojiita kidhibiti cha Wi-Fi kinatafuta nini kwenye meseji zako, maikrofoni na majina ya watu?

SWALI: Kaka mambo. Rafiki yangu tuliyesoma nae alinitumia WhatsApp kadi ya harusi, faili linaishia na apk, nikabonyeza, ikaniambia ruhusu kusakinisha nikaruhusu, ikaomba kusoma meseji nikaruhusu, alafu kadi yenyewe sikuiona. Kesho yake watu wananipigia, vipi mbona unakopa hela kwa kila mtu? Naangalia simu naona setingi mbili, zote zina picha ya gia. (Kijana wa Kimara Temboni)

JIBU: Mdogo wangu, kabla hujamaliza kusoma hapa zima data na Wi-Fi kwenye iyo simu. Kisha tumia simu ya mtu mwingine kuwapigia watu wako, uwaambie usitume hela, sio mimi, anza na mama na ndugu wa karibu manake hao ndo wanaotuma bila kuuliza. Kwa simu hiyo hiyo ya kuazima pigia mtandao wako wa simu waizuie akaunti yako ya pesa mpaka umalize, na benki kama unayo.

Kitu kama chako kimeshaandikwa. Januari 2025 Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta na simu, walieleza juu ya mdudu waliyempa jina la Tria Stealer, alikuwa anawapiga watu wa Malaysia na Brunei kwa njia hii hii, mwaliko wa harusi, faili la apk, ukishalifungua linajivika picha ya gia kama setingi, linaomba kusoma meseji, linazituma kwa mwenyewe. Meseji anazozitaka ni zile za namba za kuthibitisha. Anachukua namba yako, anaifungulia WhatsApp kwenye simu yake, namba ya kuthibitisha inakuja kwako, mdudu anaisoma anampelekea, na kuanzia hapo yeye ndo wewe, anakopa kwa jina lako. Sisemi wako ni huyo huyo. Ila mwendo ni mmoja, na amekuja kwa mlango wa kadi ya harusi kwa sababu kwetu hapa kadi ya harusi nani asiyeifungua, unaogopa kuonekana umekwepa mchango.

Sasa setingi ipi ni ipi. Usiangalie picha. Shikilia kila moja kwa kidole uingie kwenye taarifa zake, yenye kitufe cha kuondoa ndo mgeni. Ukibonyeza kikagoma au kimefifia, ina maana ulimpa uadimini wa simu, yaani mamlaka ya kuisimamia, bila kujua, nenda sehemu ya usalama ya setingi kwenye orodha ya maadimini, mtoe, kisha rudi umwondoe. Akikufungia skrini kila ukikaribia, washa simu kwa hali salama: kwenye simu nyingi unashikilia kitufe cha pawa, alafu unakandamiza kwa muda yale maneno ya kuzima mpaka ikuulize kuhusu hali salama. Humo apu zote ulizoweka mwenyewe zinalala na za mfumo ndo zinaamka. Huyo System wako akilala nao, umeshapata jibu lako.

Ukimaliza pita sehemu tatu. Ya kwanza ni ufikivu, ile iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wasioona vizuri au wasioweza kushika skrini, apu ikipewa iyo inasoma kilichopo kwenye skrini na inaweza kubonyeza badala yako, kwaiyo fikiria mtu amekaa begani kwako muda wote hata ukiwa kwenye apu ya benki. Sijawahi kuona kadi ya harusi, tochi wala apu ya mkopo inayohitaji ufikivu. Ya pili ni ruhusa ya kusoma notifikesheni. Ya tatu angalia apu ipi ndo imewekwa kuwa ya meseji. Alafu sajili WhatsApp upya kwenye simu yako kwa namba yako, yeye atatolewa hapo hapo, na weka ile PIN ya hatua ya pili. Kama ameshaiweka yeye utasubiri siku 7, WhatsApp ndo walivyopanga, usije ukamlipa mtu anayekwambia ana njia ya mkato. Badili paswedi na namba za siri ukiwa kwenye simu nyingine iliyo safi. Piga *106# uone kama hamna laini usizozijua zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA, namba zinazopokea hela ziripoti 15040, na nenda polisi ukaandikishe, manake kesho mtu aliyetuma hela atakuja na jina lako wewe sio la mwizi.

Na huyo rafiki yako mpigie. Karibu hakika nae simu yake ilishashikwa na hajui.

SWALI: Nimeambiwa nikipiga *#21# itaniambia kama simu inapelelezwa. Nimepiga imeleta maneno mengi, nimeshindwa kulala. (Mama wa Mbagala Rangi Tatu)

JIBU: Lala mama yangu. Iyo kodi inauliza mtandao wako jambo moja tu, kama simu zinazokuja kwako zimeelekezwa kwenda namba nyingine. Haijui chochote kuhusu virusi wala apu. Ukiona kwenye majibu kuna namba usiyoijua, piga ##002# inafuta maelekezo yote, alafu waulize mtandao wako. Kama hamna namba ngeni, ayo maneno mengi ni kukwambia tu kwamba simu za sauti, meseji na data haziendi kwingine.

SWALI: Nilinunua simu mpya Kariakoo, bei ilikuwa nzuri sana. Toka wiki ya kwanza matangazo yanatokea hata nikiwa sijafungua kitu, bando la wiki linaisha siku mbili, na vocha nikiweka inakatwa huduma sijajiunga. Kuna kitu kimeandikwa System Service. Nimeriseti mara tatu, kinarudi. Fundi mmoja anasema niendelee kuriseti. (Dereva bajaji, Gongo la Mboto)

JIBU: Kaka usiendelee kuriseti, unajichosha. Kuriseti kunafuta vitu vyako wewe, picha, meseji, apu ulizoweka. Ile sehemu ya mfumo wenyewe, ambayo simu inatoka nayo kiwandani, hakuigusi. Kama mdudu amelala huko, kila ukiriseti unamwachia nyumba nzima akiwa peke yake.

Kwamba kitu kama icho kinaweza kutoka na simu boksini, watu wengi hawaamini, wanadhani ni lazima uwe umefungua kitu kibaya. Juni 2019 Google wenyewe walieleza habari za mdudu anaitwa Triada, ambaye Kaspersky walimwandika 2016. Baadhi ya viwanda vikitaka kuongeza kitu ambacho Android haina, mfano kufungua simu kwa uso, vinampa kampuni ya nje nakala ya mfumo mzima akaongeze, na huko huko ndo mdudu alipachikwa, simu ikafika dukani ikiwa nae. Agosti 2020 ikatoka ripoti ya Secure-D, watu wanaoshughulika na wizi wa vocha na data, kuhusu simu za bei ya chini zilizouzwa Misri, Ethiopia, Afrika Kusini, Kameruni na Ghana zikiwa na Triada pamoja na mwenzake anaitwa xHelper. Walihesabu miamala ya mashaka milioni 19.2 kutoka simu zaidi ya 200,000, na kazi ya miamala iyo ilikuwa kumuunganisha mtu na huduma za kulipia bila yeye kujua, yaani hiki hiki unachokilalamikia wewe. Mtengenezaji alisema kiliingizwa na mtu mwingine njiani. Ninachokiona mimi ni kwamba hawa walichagua simu ya mtu wa hali ya chini, ambaye vocha ikikatwa shilingi mia mbili leo na mia mbili kesho atalaumu mtandao, na hilo ndo linanikera kuliko yote.

Huyo xHelper ndo aliyewafundisha watu kwamba kuriseti kuna mwisho wake. Oktoba 2019 Symantec, nao ni watu wa usalama wa kompyuta, walisema ameshaingia simu 45,000. Hana picha kwenye skrini, ukimfuta anarudi, ukiriseti anarudi. Baadae Kaspersky wakaeleza kwamba kwenye simu za Android 6 na 7 alikuwa anajipa mamlaka ya juu kabisa na kujinakili ndani ya sehemu ya mfumo.

Kwaiyo fanya hivi. Piga *#06# upate IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu yenyewe, iangalie kama inafanana na ya kwenye boksi, kisha itume kwenda 15090 ujibiwe ni simu ya aina gani, huduma iyo ipo toka enzi za kuzima simu feki, Juni 2016. Ikijibiwa ni aina tofauti na uliyoshika, hujauziwa ulichodhani. Ingia Play Store, setingi zake, sehemu ya kuhusu, uone kama simu imethibitishwa na Play Protect, yule mlinzi wa Google anayekagua apu. Kama haijathibitishwa au IMEI hailingani, chukua risiti na simu urudi kwa aliyekuuzia, usikubali neno la "ni virusi umeingiza mwenyewe". Kama ni halisi, tafuta fundi anayejua kuflashi, yaani kuweka upya mfumo mzima wa simu, kwa faili rasmi la modeli hiyo hiyo, muulize faili amelitoa wapi kabla hajaichomeka, manake ukiflashiwa faili la kuokota unaweza kutoka na mdudu mwingine. Na mpaka hapo laini yako ya hela itoe humo, iweke hata kwenye kitochi.

SWALI: GB WhatsApp inaonyesha meseji zilizofutwa, kuna ubaya? (Mwanafunzi, Mwenge)

JIBU: Ubaya upo. Hizi WhatsApp za pembeni haziko Play Store, kila mtu anaweka faili lake mtandaoni na huwezi kujua amepachika nini ndani. Agosti 2021 Kaspersky walimkuta huyo huyo Triada ndani ya FMWhatsApp toleo la 16.80.0, na mwaka uliofuata YoWhatsApp ikakutwa inaiba funguo za akaunti za watu. Apu iyo ulishaipa meseji, majina, maikrofoni na kamera kwa mkono wako, haina haja hata ya kujifanya System. Hifadhi mazungumzo, rudi kwenye ya kawaida.

SWALI: Natumia iPhone. Nimeingia kwenye data za uchambuzi nimekuta majina kama locationd, mediaserverd, backboardd, na mengi mengine. Ni nini hivi, na nitajuaje ya Pegasus? (Kijana wa IT, Mikocheni)

JIBU: Hizo ulizozitaja ni za Apple mwenyewe, ile d ya mwisho ni desturi ya kuonyesha kwamba ni mtumishi anayefanya kazi nyuma ya pazia. locationd ni wa lokesheni, mediaserverd wa sauti na video. Lakini swali lako lina msingi, kwa sababu Pegasus, ile programu ya upelelezi ya NSO Group ya Israeli, ilikuwa inajificha hapo hapo. Julai 2021 Amnesty International, shirika la haki za binadamu, walitoa uchunguzi wao na orodha ya majina waliyoyakuta: ckkeyrollfd wakati halisi ni ckkeyrolld, fmld wakati halisi ni fmfd, aggregatenotd wakati halisi ni aggregated. Herufi moja, au tatu. Ila walizikamata kwa kulinganisha nakala za simu kwa zana maalumu, sio kwa kutazama orodha kwa macho, kwaiyo usikae usiku unahesabu herufi, utaishia kuogopa vitu vya halali.

Mwandishi, wakili au mwanaharakati mwenye sababu ya kweli aiapudeti simu kila mara na awashe ile hali ya kufungwa (Lockdown Mode) ambayo Apple waliileta na iOS 16 mwaka 2022. Kwa wengi wetu hatari ya iPhone ni ya kawaida zaidi: mtu anaijua paswedi yako ya Apple, au ulikubali kuweka profaili ya usimamizi kutoka tovuti fulani. Ingia setingi, sehemu ya jumla, utafute VPN na usimamizi wa kifaa. Kama simu sio ya ofisi na kuna profaili humo, ondoa.

SWALI: Naomba msiandike jina wala mtaa. Mwezi uliopita mume wangu alichukua simu yangu akasema anaiapudeti, akakaa nayo karibu saa nzima. Toka hapo anajua nilipokuwa, anajua nimeongea nini na dada yangu, ananirudishia maneno yangu yale yale. Kwenye apu kuna kitu Sync Service, hakina picha, na Play Protect nimeikuta imezimwa. Nikifute? (Msomaji)

JIBU: Dada yangu, nimeisoma barua yako mara nyingi kabla ya kujibu. Unachokihisi kina maelezo na hujachanganyikiwa. Kuna apu zinauzwa kwa kazi hiyo hiyo, zinawekwa na mtu aliyeishika simu kwa mkono, zinajiita System Service, Sync Service na majina mengine ya kuchosha ili usiyatazame mara mbili, na anayeziweka huanza kwa kuzima Play Protect ili isizikamate. Zikishakaa zinampelekea lokesheni, meseji na orodha ya simu, akazitazama akiwa kwenye simu yake.

Usiifute leo. Ukiifuta, kwake inakatika hapo hapo na anajua umegundua, na wewe ndo unayemfahamu akiwa na hasira anakuwaje. Na barua nyingine usiandike kwa simu iyo. Azima simu ya mtu unayemwamini, au tumia ya kazini, uongee na dada yako kwa iyo, na umweleze haya yote ana kwa ana kama inawezekana. Kwa simu hiyo ya kuazima piga picha ukurasa wa iyo apu, ruhusa zake, na Play Protect ilivyozimwa, huo ni ushahidi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwenye kifaa cha mtu na kunasa mawasiliano yake bila idhini. Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, unaweza kwenda hata kuuliza tu kabla ya kuamua chochote, na simu siku iyo iache nyumbani au dukani kwako, sehemu ambayo kuonekana upo ni kawaida.

Siku ukiwa mahali salama na umeamua, mtoe kwanza kwenye maadimini wa simu, kisha kwenye ufikivu na kwenye ruhusa ya notifikesheni, kisha ondoa apu yenyewe na uwashe Play Protect. Badili namba ya kufungulia simu, na kama alama ya kidole chake ipo ifute. Paswedi ya akaunti ya Google ibadilishe ukiwa kwenye kifaa kingine, uangalie na orodha ya vifaa vilivyoingia kwenye akaunti, uvitoe usivyovijua, na kwenye WhatsApp fungua vifaa vilivyounganishwa, manake inawezekana nusu ya anayoyajua anayapata kwa kompyuta iliyounganishwa tu. Namba ya dada yako na ya mtu mwingine mmoja ziandike kwenye karatasi, karatasi ikae kwenye mkoba unaotoka nao kila siku.